Hisa imefunga chini ya sapoti: kaka anasema niongeze, mume wangu anasema tuuze

Mshauri, salaam.

Naomba jina langu lisitokee, na jina la kampuni nitaliacha kwa sababu kaka yangu naye husoma safu hii. Tarakimu nitaziandika bila sarafu. Shida yangu ingekuwa ileile kwa fedha yoyote.

Akaunti yangu kwa dalali ina 10,000. Ni akiba yangu na ya mume wangu. Karibu nusu yake iko kwenye hisa moja ya kampuni ya teknolojia inayojulikana kwa kuyumba: hisa 120 nilizonunua kwa 41.20, yaani 4,944. Kipimo cha ATR cha siku 14, yaani wastani wa mwendo wa bei kwa siku, kwenye chati yangu kinasoma 2.60.

Kaka ndiye aliyenifundisha kusoma chati. Alinionyesha kwamba 40 ni sapoti, yaani bei ambayo hisa ikishuka hadi hapo hukuta wanunuzi na kugeuka juu. Bei ilishuka hadi 40.10 ikadunda mpaka 52. Ikarudi hadi 39.20 ikadunda mpaka 46. Ikarudi tena hadi 40.30 ikapanda mpaka 44.50. Ile 52 ndiyo rezistansi yetu, yaani dari ambako bei ikipanda hukuta wauzaji na kurudi chini. Nimechora mstari wa kijani kwenye 40 na mwekundu kwenye 52, na kila nikifungua simu naangalia hiyo miwili tu.

Iliposhuka hadi 39.20 nilikuwa na hisa zake, na oda ya kukata hasara, ile inayouza yenyewe bei ikishuka hadi hapo, ilikuwa kwenye 39.90. Oda ikanitoa, kisha bei ikapanda bila mimi. Iliniuma mno. Naamini wenye fedha kubwa wanaona oda za sisi wadogo zilipo na wanashusha bei makusudi kuzikusanya. Ndiyo maana niliponunua upya kwa 41.20 sikuweka oda hiyo tena.

Jana bei imeshuka mpaka 38.40 na kufunga 38.90. Kwenye skrini hasara ni 276. Kaka anasema hakuna kilichovunjika, huu ni mtego wa kuwatoa waoga. Kiwango kilichoguswa mara tatu kikashika ni imara, na kila kikiguswa kinazidi kupata nguvu. Anataka niongeze hisa nyingine 120 kwa 38.90 ili wastani wangu ushuke mpaka 40.05. "Ikirudi 41 tu," anasema, "uko kwenye faida."

Mume wangu hajui chati na hana haja nazo. Anataka tuuze zote. Hajapaza sauti, ila jana usiku aliniuliza: "Ikishuka hadi wapi ndipo utauza?" Nikakosa la kumjibu.

Ripoti ya robo mwaka inatoka wiki ijayo baada ya soko kufungwa. Nikimfuata kaka na bei ikaporomoka, sitaweza kumtazama mume wangu usoni. Nikimfuata mume na ikadunda tena, nitakuwa nimetolewa palepale kwa mara ya pili, na kaka hataacha kunikumbusha. Nifanyeje? Na kwanza niambie: sapoti imevunjika au bado?

Msomaji wa 38.90

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole. Umekaa kati ya watu wawili wanaokutakia mema, kila mmoja akikuvuta kwake, na saa ya ripoti inakaribia. Nikikuelewa vizuri, unataka nikuambie kama 40 bado ni sapoti ili jibu hilo liwaamue kaka na mumeo. Nakuomba tulitazame swali hilo kwa makini kabla ya kulitwika mzigo mkubwa hivyo. Hata ukipewa jibu sahihi kuhusu 40, bado hutajua ushike hisa ngapi, na kwa hali yako idadi ya hisa ina uzito kuliko mstari.

Tuanze na mstari wenyewe. Umeandika 40, lakini bei haijawahi kugeukia 40. Iligeukia 40.10, 39.20 na 40.30. Hilo ni eneo lenye upana wa 1.10, na eneo ndilo la kuchora: kisanduku kutoka 39.20 hadi 40.30, kisha uufute mstari. Kwa hisa tulivu mstari mmoja unaweza kutosha. Kwa hisa yako hautoshi, na ATR yako inaeleza sababu. Kipimo hicho, alichokieleza J. Welles Wilder mwaka 1978, huchukua kwa kila siku kikubwa kati ya vitu vitatu: tofauti ya bei ya juu na ya chini ya siku hiyo, umbali wa bei ya juu kutoka bei ya kufunga ya jana, na umbali wa bei ya chini kutoka bei hiyohiyo ya jana. Kisha hutoa wastani. Kwako ni 2.60, maana yake hisa hii hutembea 2.60 katika siku ambayo hakuna lolote la ajabu. Upana wa eneo lako haufiki hata nusu ya mwendo huo.

Sasa ipime ile oda ya 39.90 iliyokuumiza. Ilikaa senti 10 chini ya mstari wako, kwenye hisa inayotembea 2.60 kwa siku. Hiyo ni sehemu moja ya ishirini na sita ya mwendo wa kawaida. Haikuhitaji adui kukutoa pale. Siku yoyote yenye pilikapilika kidogo ingetosha.

Sisemi kwamba unachokihisi hakina msingi. Carol Osler, mchumi aliyewahi kufanya kazi katika tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani, alichunguza oda halisi za soko la fedha za kigeni na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Aliona oda za kuchukua faida zikirundikana kwenye namba zinazoishia na sifuri, na oda za kukata hasara zikirundikana hatua chache kupita namba hizohizo. Soko lake ni la fedha, siyo la hisa, lakini tabia ya watu kupenda namba nzima unaijua mwenyewe: hukuchora mstari kwenye 39.87. Oda za kuuza zikiwa nyingi mahali pamoja, bei ikifika hapo moja huamsha nyingine na mteremko hupata kasi wenyewe kwa dakika chache. Awepo mwindaji au asiwepo, 39.90 palikuwa mahali penye msongamano. Kwa hiyo una haki ya kuikataa oda ya 39.90. Ila kutoka hapo hadi kukaa bila oda yoyote ni hatua nyingine kubwa, na hiyo ningependa uitafakari.

Kaka anasema kila mguso unaongeza nguvu. Wengi wanaamini hivyo, na kuna ukweli ndani yake: kiwango kinachoonekana na wengi huwavuta wengi kuweka oda za kununua hapo. Lakini jiulize sapoti imetengenezwa na nini. Ni watu walio tayari kununua kwa bei hiyo, na kila bei ikifika, baadhi yao hununua kweli. Waliokwisha kununua hawapo tena kwenye foleni. Wasipokuja wapya, mguso wa nne hukuta wanunuzi wachache kuliko wa kwanza. Ndiyo maana kuhesabu miguso peke yake hakukufikishi mbali. Tazama jinsi bei ilivyoondoka baada ya kila mguso.

Na hapo, dada, kwenye barua yako mwenyewe kuna jambo ambalo huenda limekupita kwa kuangalia mistari miwili tu. Mdundo wa kwanza ulifika 52, wa pili 46, wa tatu 44.50. Chini bei inasimama karibu palepale, juu inazidi kuchoka. Wauzaji wanakubali bei ndogo zaidi kila safari, na wanunuzi wa 40 wanapata zawadi ndogo zaidi kwa kununua. Mwenye kusoma chati hii bila hisa mkononi asingesema rezistansi ni 52. Angesema ile ya karibu ni 44.50, na kwamba bei inapaswa kufunga juu ya hapo ndipo sura ibadilike. Umbo la namna hii mara nyingi humalizikia chini, ingawa si lazima. Kuna hisa hubanwa hivyo kisha zikafyatuka kwenda juu, hasa ripoti nzuri inapotoka.

Basi imevunjika au bado? Kwa mizani ya kawaida, jana iko kwenye ukungu. Kufunga 38.90 ni senti 30 chini ya ukingo wa eneo lako, ambao ni 39.20. Kwa hisa inayotembea 2.60, senti 30 ni kidogo. Kila anayefanya kazi hii ana kichujio chake. Wengine hungoja bei ifunge siku mbili mfululizo nje ya eneo. Wengine hutaka ifunge nje kwa angalau nusu ya ATR, ambayo kwako ni 39.20 kutoa 1.30, yaani 37.90. Utambi wa mshumaa, ule mstari mwembamba unaochomoza kwenye alama ya siku katika chati, kushuka hadi 38.40 hauhesabiki sana, kwa kuwa utambi ni mahali bei ilipopita. Ilipofunga ndipo pana uzito, maana hiyo ndiyo bei ambayo watu walikubali kulala nayo. Kila kichujio kina gharama yake. Ukingoja uthibitisho mzito unatoka kwa bei mbaya zaidi, na ukitoka upesi utatolewa kwa makosa mara nyingi. Hakuna kilicho bure hapa, na anayekuahidi kinyume simfahamu.

Kuna vitu vya kuangalia usiku huu. Fungua kiasi cha hisa zilizobadilishana mikono jana, ulinganishe na wastani wa siku 20. Kama jana ni mara mbili ya wastani, kuna watu wengi walioamua kutoka. Kama ni chini ya wastani, bei ilishuka zaidi kwa kukosa wanunuzi kuliko kwa wingi wa wauzaji, na hali hiyo hugeuka kirahisi. Tazama pia faharasa ya soko lako, yaani kipimo cha mwendo wa soko kwa ujumla, ilifanya nini siku hiyohiyo. Hisa iliyoanguka siku ambayo soko zima limeanguka inaeleza habari tofauti na iliyoanguka peke yake. Kisha panda kwenye chati ya wiki. Kama kuna eneo la zamani ambako bei iliwahi kugeuka, tuseme kwenye 35 au 33, ulijue sasa kabla halijahitajika.

Hakikisha pia chati yako imerekebishwa kwa mgawanyo wa hisa. Tuchukue GameStop ya Marekani: tarehe 28 Januari 2021 iligusa 483 na kufunga 193.60 siku hiyohiyo, ikiwa ilifunga 347.51 siku iliyotangulia. Julai 2022 kila hisa moja ikagawanywa kuwa nne, kwa hiyo chati za leo zinaonyesha kilele hicho kwenye 120.75. Mwenye mstari wa zamani kwenye daftari atautafuta asiuone. (Na utaona kwamba siku ile mistari yote iliyokuwapo kati ya 200 na 480 ilivukwa ndani ya saa chache. Hisa ikifikia hali hiyo, sapoti ni jina tu.)

Sehemu inayofuata ndiyo ya kuitazama kwa siku chache zijazo. Eneo likishavunjika kweli, mara nyingi bei hurudi kulijaribu kutoka chini, na hapo sapoti hugeuka kuwa rezistansi. Sababu yake utaipata ndani ya nafsi yako. Bei ikirudi 41.20 kesho, utafanya nini? Nadhani utauza, ushukuru na upumue. Wapo wengi walionunua karibu na hapo wakiwa na shukrani hiyohiyo mfukoni, na oda zao zote kwa pamoja ndizo zitakazoizuia bei isipande. Maneno ya kaka, "ikirudi 41 tu", yanataja mahali ambapo huenda pana wauzaji wengi kuliko popote. Kwa hiyo bei ikirudi ndani ya kisanduku, usishangilie mapema. Tazama inafunga wapi. Ikifunga juu ya 40.30 na siku inayofuata ikabaki huko, kaka ana hoja nzito kwamba jana ilikuwa mvunjiko wa uongo. Ikigusa 40 na kugeuka na mshumaa mrefu wa kushuka, hoja inahamia upande wa pili.

Tuje kwenye kuongeza hisa. Nataka nimtendee kaka haki, kwa sababu hajakosea kila kitu. Kununua karibu na ukingo wa eneo kuna faida ya kweli: ukinunua kwa 38.90 na kukubali kutoka kwa 37.90, kosa linakugharimu 1.00 kwa hisa, na bei ikirudi 44.50 unapata 5.60. Uwiano huo unapendeza. Una dosari mbili. Umbali wa 1.00 haufiki nusu ya ATR, hivyo unaweza kutolewa na kelele tupu, kama safari ile. Na kaka hakukuambia utoke kwa 37.90. Hakutaja bei yoyote ya kutokea.

Sasa hesabu ya mpango wake. Hisa 240 kwa wastani wa 40.05 ni 9,612. Akaunti nzima inabakiwa na 388. Kila bei ikishuka kwa 1.00 unapoteza 240, wakati leo ni 120. Siku moja ya mwendo wa kawaida ikielekea chini yote ni 624, zaidi ya asilimia 6 ya akiba yenu, bila habari yoyote mbaya. Wastani umeshuka, ndiyo, lakini bei ya hisa haijui wastani wako. Kilichobadilika ni kwamba sasa akiba yote ya nyumba inategemea mstari mmoja wa kijani.

Tahadhari nyingine ni ya moyo zaidi kuliko ya chati. Terrance Odean alichunguza akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja wa Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1998, akakuta watu wanauza kwa wepesi hisa zilizopanda na kuzing'ang'ania zilizoshuka. Kwa wastani, walizouza ziliendelea kufanya vizuri kuliko walizozishikilia. Wakati mwingine tunaita "sapoti" kile ambacho hasa ni bei tuliyonunulia. Jipime hivi: kama usingekuwa na hisa hata moja leo, ungenunua 120 kwa 38.90, wiki moja kabla ya ripoti? Jibu lolote litakalokujia, liheshimu.

Idadi ya hisa hupatikana kwa kurudi nyuma kutoka kwenye hasara. Amueni kwanza ni kiasi gani cha akaunti mnaweza kupoteza kwa wazo moja bila kuvurugika. Wengi huweka asilimia 1 au 2. Tuseme 2, yaani 200. Kutoka bei uliyonunulia, 41.20, hadi 37.90 ni 3.30. Gawanya 200 kwa 3.30, unapata hisa 60. Una 120. Huenda usingizi unaokosa unatokana na hizo 60 za ziada, na mstari wa 40 umebebeshwa lawama isiyo yake.

Kisha kuna ripoti, ambayo ni mnyama wa aina yake. Habari ikitoka soko likiwa limefungwa, bei inaweza kufunguka mbali kabisa na ilipofungia, na katikati hapo hapana biashara. Eneo lako la 39.20 hadi 40.30 litarukwa bila mtu kuuliza. Oda ya kukata hasara ya kawaida kwenye 37.90, soko likifunguka 33, itauza karibu na 33. Oda ya aina ya pili, ile yenye kikomo cha bei, tuseme ikifika 37.90 iuze lakini si chini ya 37.50, itaamka na isiuze kabisa, nawe utabaki na hisa zako zote kwenye 33. Watu huchanganya aina hizi mbili kwenye skrini ya kuwekea oda kwa sababu zinafanana, na hugundua tofauti asubuhi mbaya. Kinachokulinda dhidi ya pengo ni kuwa na hisa chache, au kununua mkataba wa haki ya kuuza kwa bei fulani, kama soko lako linao na dalali anakuruhusu. Mikataba hiyo huwa ghali hasa siku za kukaribia ripoti, kwa sababu kila mtu anaiogopa siku ileile.

Nimechukua 33 kama mfano tu, si utabiri. Njia zilizo mbele yako, kwa mfano huo, zinaonekana hivi.

Ukiuza zote kwa 38.90, hasara ni 276, imekwisha hapo. Hatari yake ni ile unayoiogopa: bei kudunda bila wewe. Lakini kuuza si kiapo. Bei ikifunga juu ya 40.30 na kukaa, unaweza kurudi kwa hisa 60 kwa 41 hivi. Utakuwa umelipa 2.10 zaidi kwa kila hisa, jumla 126, kwa ajili ya kupata uthibitisho kwamba wanunuzi wamerudi. Kuna anayeona hiyo ni ghali, na kuna anayeona ni bei halali ya kulala usingizi.

Ukiuza 60 na kubaki na 60, unakubali hasara ya 138 leo. Zilizobaki zikitoka kwa 37.90 jumla inakuwa 336. Soko likifunguka 33 inakuwa 630. Ubaya wa njia hii ni kwamba bei ikipanda utasikitika kwamba uliuza, na ikishuka utasikitika kwamba ulibakiza. Watu wengi huichagua hata hivyo, kwa kuwa masikitiko yote mawili ni madogo.

Ukibaki na 120 na kuweka oda kwenye 37.90, hasara ni 396 mambo yakienda kwa utaratibu, na 984 bei ikiruka hadi 33. Hiyo ya pili ni karibu asilimia 10 ya akaunti. Njia hii ina mantiki zaidi ukishikilia hadi siku ya kabla ya ripoti kisha upunguze, kuliko kuvuka nayo usiku ule. Usiiweke oda kwenye 38.00 kamili; sababu unaijua sasa.

Ukiongeza kama kaka anavyotaka, 37.90 itakugharimu 516 na 33 itakugharimu 1,692. Kama moyo wako unavutwa huko, kuna namna nyingine ya kuongeza: ngoja bei ifunge tena juu ya eneo, au juu ya 44.50 ambako ule mtiririko wa vilele vinavyoshuka utakuwa umekatika. Utanunua ghali zaidi, ukiwa na ushahidi zaidi. Kaka anaweza kuliona hilo kama woga. Ni mtindo tofauti tu, na wapo wanaoishi kwa kila mmoja.

Umeandika kana kwamba kuchagua njia ni kumchagua mtu. Nikisoma barua yako naona kaka na mumeo wanajibu maswali tofauti. Kaka anajibu "bei itaenda wapi". Mumeo anajibu "tutabaki na nini". Na nikwambie, mtu huyo asiyejua chati ndiye aliyeuliza swali la chati lililo bora kuliko yote kwenye barua yako: ikishuka hadi wapi ndipo utauza? Ukiwa na namba ya kumjibu, sapoti yako ina maana, kwa kuwa kuna bei itakayokuonyesha kwamba ulikosea. Bila namba hiyo, 40 inaweza kuwa sapoti kwenye 38.90, kwenye 36 na hata kwenye 30, na kila mshuko utaitwa mtego.

Kwa hiyo mpelekee kaka swali la shemeji yake kama lilivyo. Muulize kwa heshima, kama mwanafunzi wake: "Kaka, ni bei gani ikifunga, wewe mwenyewe utasema sapoti hii imekufa?" Akikupa namba, una mpango wa kuupima kwa hesabu tulizofanya. Akikwepa, utakuwa umejifunza jambo bila kugombana naye. Kwa mumeo geuza: usimweleze mishumaa, muulize ni hasara ya kiasi gani anayoweza kuibeba bila kuhesabu usiku. Akisema 300, tayari 276 zimekwenda, na zilizobaki 24 hazitoshi kushikilia hisa 120 hata nusu siku. Akisema 700, bado mna nafasi ya kujadili hizo 60. Fedha ni yenu wawili, na namba yake ina haki sawa na yako.

Lolote mtakaloamua, liandikeni kabla soko halijafunguliwa: bei ya kutokea, idadi ya hisa, na kama mtavuka ripoti au la. Ukiweka oda, angalia muda wake wa kuishi. Kwa madalali wengi oda isiyobadilishwa hufa mwisho wa siku ile, na kesho yake unadhani una ulinzi ambao haupo. Angalia pia kama inafanya kazi nje ya saa za kawaida za soko, kwa maana nyingi hazifanyi. Na kama akaunti yako ina mkopo wa dalali ndani yake, jambo ambalo hukulitaja, niandikie haraka kabla ya ripoti, kwa sababu hapo hesabu zote hizi zinabadilika: dalali anaweza kuuza hisa zako kwa bei asiyokuuliza.

Mshauri wako